Praha wakati wa baridi, na saa inayohesabu kuanzia magharibi

Kutoka Dresden, Ujerumani, hadi Praha, mji mkuu wa Ucheki, ni kama masaa mawili na nusu kwa treni, tukashuka mimi na mdogo wangu Januari ile baridi inauma mpaka meno. Tukaanzia juu kwenye kasri, tram namba 22 inakupandisha. Ndani kuna kanisa la Mtakatifu Vitus, walianza kulijenga 1344 wakaja kulimaliza 1929, karibu miaka 600 jamani, na vile vioo vya rangi hata kijua hafifu kikipita unabaki umesimama tu. Tukashuka kwa miguu hadi daraja la Charles, la mawe, masanamu 30 yamejipanga kila moja na theluji kichwani, ila upepo wa mto Vltava hauna huruma hatukukaa.

Sasa ile saa ya jengo la zamani la halmashauri, ya mwaka 1410! Kila saa kamili watu wanajazana waone kiunzi cha mifupa kinavyovuta kamba ya kengele na mitume 12 wakipita madirishani, jogoo akishawika basi, wanatawanyika. Sisi tukabaki. Mdogo wangu akaniambia kaka hebu cheki ile duara nyeusi ya nje yenye namba za dhahabu, saa hizi ni saa tisa alasiri mbona mkono uko kati ya 22 na 23?

Kumbe Wacheki wa zamani siku yao ilianza jua likizama, wanahesabu mpaka 24, kwa hiyo hapo ilikuwa imebaki saa moja na kitu magharibi iingie. Nilifurahi sana, maana bibi yetu Tanga Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi tu kwake ni usiku wa Ijumaa tayari, saa ya kwanza ya giza ndo saa moja. Tofauti ni kwamba kwetu saa ya jua kuzama haihamihami sana, kule Januari linazama kama saa kumi na nusu jioni na Juni mpaka saa tatu usiku imepita, ndo maana ile duara yenyewe inasogezwa taratibu mwaka mzima kulifuata jua, na mashine ni ya miaka 600!

Ukienda usikimbilie mitume ukaondoka, subiri umati upungue uisome kwanza ile duara ya nje, halafu supu ya kitunguu saumu iko migahawa ya jirani, ya moto kwelikweli.