Nilivyotoa jiwe la karibu tani moja shambani, peke yangu na katrekta kadogo

Jamani hili jiwe lilinisumbua misimu miwili, limekaa katikati ya shamba la mahindi, kila nikilima nalizunguka. Trekta langu la nguvu farasi 25 tu, na vijana wa kibarua siku hiyo wote walikuwa msibani.

Mara ya kwanza nilifanya ujinga, nikafunga cheni juu, pale kwenye topu linki (ule mkono wa juu nyuma ya trekta wa kushikia jembe), nikaachia klachi, aisee magurudumu ya mbele yakanyanyuka kama farasi! Nikakanyaga klachi haraka yakarudi chini, moyo unadunda. Kumbe ukivuta kutoka juu ya ekseli ya nyuma trekta linataka kukupindukia mgongoni. Cheni ifungwe chini, kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma ya trekta.

Basi nikachukua boneti la lori bovu, nikaligeuza mgongo chini, lile limejikunja mbele kwahiyo halichimbi udongo, nikatoboa matundu mawili ya cheni. Jiwe nikalichimbua upande mmoja, mtalimbo ukinyanyua kidogo nachomeka kabari ya mti, nanyanyua tena nachomeka, hivyo hivyo karibu saa nzima. Cheni nikaizungusha nyuma ya jiwe, nikavuta taratibu likabingirika lenyewe juu ya boneti.

Gia ya kwanza, ile ya mwendo wa chini (low), mafuta nakanyaga kidogo tu, hadi mpakani mwa shamba. Sasa hivi wife anaanikia mahindi juu ya jiwe hilo.