Bundi wa Shangazi

Shangazi alinipigia simu Jumanne. "Baba, njoo umsikie huyu bundi kabla hajamaliza watu." Anafanya kazi katika boma moja kule Karen, Nairobi, na chumba chake kiko nyuma kabisa, ukuta mmoja tu kabla ya msitu wa Ololua. Kwa wiki mbili kitu kilikuwa kikipiga mayowe juu ya miti, naye kila usiku alikuwa akikikemea kwa maombi. Afadhali, alisema, kulikuwa na njiwa mmoja wa kumbembeleza usiku wa manane, la sivyo angeshaacha kazi.

Njiwa usiku wa manane? Lile neno lilipita masikioni nisilishike.

Mimi si mtaalamu. Jumatano nikipata nafasi huenda kwenye yale matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho, aliyoyaanzisha Fleur Ng'weno mwaka 1971. Lakini hayo ni ya asubuhi, darubini shingoni. Usiku darubini ni mzigo tu. Ijumaa niliiacha nyumbani Umoja, nikabeba daftari, kalamu na tochi. Mjini nikapanda matatu namba 111 ya Ngong, tukakwama Dagoretti Corner mpaka nikasinzia, na nilipofika Karen nikachukua boda.

Saa moja kasoro robo, mwanga ukiwa umebaki mstari mwembamba upande wa Ngong, wa kwanza akaanza. Filimbi nyembamba kutoka kileleni mwa mti mkavu: piyuu, halafu mtetemo, pirrr. Kirukanjia wa milimani, ndege wa usiku. Huyu nilimjua. Jina lake linatokana na tabia ya jamii yake ya kulala chini, hata katikati ya njia, atulie tuli mpaka karibu umkanyage ndipo aruke. Niliandika kwa mbwembwe, nikajiona fundi.

Ufundi wenyewe haukufika saa mbili. Kwenye mparachichi kulianza kulia ting... ting... ting, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko na hachoki. Nikakumbuka kwamba kuna bundi mdogo anayetoa mlio mfupi, akanyamaza kidogo, akarudia. Nikaandika: bundi mdogo. Soja wa geti, mzee aliyelinda nyumba za huku miaka mingi, alikuwa amekuja kuniona nafanya nini gizani.

"Futa hiyo, kijana. Andika popo."

Akamulika. Alining'inia kichwa chini, popo wa matunda, dume, na kwenye kila bega ana kishungi cha manyoya meupe kinachotikisika anapoita majike. Tangu jioni huyo ndiye pekee niliyemwona kwa macho, na wala si ndege.

"Huyo bundi mdogo unayemtaka," mzee akasema, "sauti yake ina mkwaruzo ndani. Prrup. Hii ni kengele." Kisha akanionyesha kuweka viganja nyuma ya masikio na kugeuza kichwa polepole, kulia, kushoto, mpaka sauti iwe sawa pande zote, hapo ndipo pua yako inamwelekea. Nilitoa simu nicheze mlio uliorekodiwa, labda bundi angejibu. Akanikataza. "Utamfanya aache kuwinda aje kutafuta mgeni ambaye hayupo."

Saa nne usiku, shangazi akanishika mkono ghafla. "Ndiye huyo."

Ilianza kama bawaba yenye kutu: kriiik, kriiik, kriiik, mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Ikapanda, ikakaza, mwishowe ikawa mayowe ya mtu anayekabwa koo. Nywele zilinisimama, sitadanganya. Nilipapasa kichwani nikitafuta bundi gani analia hivyo, sikumpata.

"Perere," mzee akasema, hata hakugeuka.

Pimbi wa miti! Mnyama wa ukubwa wa sungura, eti ndugu yake wa karibu ni tembo, na dume lake hupanda mtini usiku kuwatangazia wenzake kwamba tawi lina mwenyewe.

Shangazi alinyamaza kitambo. "Wiki mbili nimekuwa nikikemea pimbi?"

Alienda kulala akiwa na hasira, nadhani zaidi kwangu. Mimi nilijinyoosha kwenye kochi, dirisha wazi, jenereta ya jirani imezimwa hatimaye. Saa saba nikazinduka. Sauti nene, laini, ilitoka upande wa msituni kwa mapigo ya kurukaruka: hu-hu, hu-huhu-hu. Kabla haijaisha, nyingine nyembamba zaidi ikajibu kutoka upande wa pili wa ua: huuu. Dume na jike wa bundi wa msituni, wale wenye macho ya kahawia na kichwa cha mviringo kisicho na vishungi. Waliitikiana juu ya paa letu, mara mbele ya chumba, mara nyuma, na kati ya mlio na mlio sikusikia bawa. Manyoya yao yana pindo laini linalozima mlio wa upepo. Niliandika gizani, herufi zikipandana.

Asubuhi kwarara walipopita wakipiga kelele, shangazi alikuwa ameshaweka chai mezani.

"Umemsikia njiwa wangu jana usiku? Alikuja na mwenzake. Nililala kama mtoto."

Nikafunga daftari. "Nimewasikia, shangazi," nikasema, nikachovya mkate kwenye chai.