Windows 11 ndani ya VirtualBox kwenye i5 ya mtumba

Hapa Kisumu, kompyuta nyingi za cyber na ofisi ndogo ni za mtumba, zenye Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inatambua rasmi kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla mteja hajagusa mashine yake ya kazi, mimi huiweka Windows 11 kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigwa inayoendeshwa ndani ya ile halisi na programu ya VirtualBox, nione kama programu yake ya hesabu itafunguka.

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe inapowaka. Kwenye HP ni F10, Dell ni F2. Washa VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, kwani mashine nyingi za mtumba huja ikiwa imezimwa. Ukiona VirtualBox inaorodhesha mifumo ya biti 32 peke yake, sababu huwa ni hiyo. Na ikiwa chini ya dirisha la mashine pepe pana picha ya kobe wa kijani, Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, ndiyo imeshika prosesa. Zima Memory Integrity kwenye Windows Security, kisha fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, na uwashe kompyuta upya.

Kwa mwenye RAM ya GB 8, mpe mgeni, yaani Windows iliyo ndani ya mashine pepe, MB 4096 na kore 2. Diski iwe ya GB 64 inayokua kadiri inavyojaa, nayo ikae kwenye SSD. Kwenye diski ya kuzunguka utachoka kusubiri. Weka alama kwenye EFI (njia mpya ya kuwasha mashine), chagua TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo za siri) na uwashe Secure Boot (ukaguzi wa mfumo unapowaka). Haya yapo kuanzia VirtualBox 7.0. Unapochagua faili la ISO, yaani diski ya usakinishaji ya Windows iliyo katika faili moja, weka alama kwenye Skip Unattended Installation. Ukiliacha lijisakinishe lenyewe, mara nyingi hukwama likidai halioni masharti ya leseni.

Mashine ikiwaka, bonyeza kitufe chochote upesi inapokuambia, la sivyo utatupwa kwenye EFI Shell na itabidi uanze upya.

Walio na VirtualBox 6.1 hawana TPM ya kuiga, kwa hiyo watakataliwa. Dawa iko kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Skrini ya kwanza ya usakinishaji ikitokea, bonyeza Shift+F10, andika regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup, unda ufunguo LabConfig, na ndani yake DWORD mbili: BypassTPMCheck na BypassSecureBootCheck, kila moja thamani 1. Ukimpa mgeni chini ya GB 4, ongeza BypassRAMCheck. Kama umeshakataliwa, rudi nyuma skrini moja, fanya hayo, uendelee. Hakuna haja ya kuanza mwanzo.

Prosesa ni habari nyingine. TPM inaweza kuigwa, lakini VirtualBox humwonyesha mgeni prosesa yako halisi. Toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, na hakuna ufunguo wa rejista wa kuyaleta. i5 ya kizazi cha nne inayo. Core 2 Duo haina, basi usipoteze bando kupakua ISO ya zaidi ya GB 5 kwa ajili yake.

Baada ya kupakua, hakiki faili kwa certutil -hashfile jina.iso SHA256 na ulinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft. Upakuaji uliokatikakatika huleta makosa katikati ya kunakili, na watu huishia kulaumu RAM.

Wakati wa kusakinisha, chagua toleo la Pro. Kwenye kufungua akaunti, chagua kazi au shule, kisha Sign-in options, halafu Domain join instead. Utapata akaunti ya ndani bila barua pepe. Sakinisha Guest Additions (viendeshi vya VirtualBox vya mgeni), zima mashine pepe, upige snapshoti, yaani uhifadhi hali yake ya kurudia, hapo hapo. Stima ikikatika mgeni akiwa anaandika, faili la VDI, ambalo ndilo diski ya mgeni, linaweza kuharibika, na snapshoti hukaa kwenye diski ileile. Kwa hiyo hamisha pia nakala ya folda nzima kwenye diski ya nje.