Apdeti ya ramani yangu ya bahari kupanda na kushuka

Haya wadau, ile ramani ninayotengeneza kwenye kompyuta, ya kuonyesha ufuo unahamia wapi bahari ikipanda au kushuka, imeanza kueleweka. Data ya kina cha bahari nimepakua ya GEBCO, mradi wa kimataifa wa kuchora sakafu ya bahari, ni ya bure, kila kipimo kipo kama mita 450 toka kingine, nikaiingiza QGIS (programu ya ramani) afu nikatengeneza slaida, yaani kitufe cha kuburuta, ya kushusha maji kidogo kidogo mpaka mita 120 chini ya leo, maana ndo bahari ilikokuwa miaka kama 21,000 iliyopita, maji mengi yakiwa yameganda juu ya nchi kavu.

Nimeanza na pwani ya mashariki ya Marekani. Nikiburuta slaida ghuba ya Chesapeake inakauka yote, na kweli ilikuwa hivyo, ghuba yenyewe ni bonde la mto Susquehanna lililokuja kuzamishwa baadaye. Ufuo nao unaenda mbali balaa. Chini ya maji pale kando ya bara mteremko ni kiduchu, wastani wa dunia ni nyuzi 0.1 hivi, kwa hiyo mita moja tu ya maji ikipungua ufuo unahama zaidi ya nusu kilomita, hesabu mwenyewe mita 120 inakuwaje. Ndo maana naona kuchora uwanda wa pwani na sakafu ya bahari ya karibu kama vitu viwili ni kujichanganya bure, ni uwanda mmoja, maji yanaufunika na kuufunua.

Upande wa kupandisha ndo mtamu zaidi. Huko bara uwanda umekaa kama ngazi pana, kila kikuta ni ufuo wa zamani ambapo mawimbi yalikaa muda mrefu yakimega, mfano Suffolk Scarp kule Virginia na North Carolina. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilizidi ya leo kwa mita 6 hadi 9, hiyo slaida inaonyesha fresh.

Ila Orangeburg Scarp, kikuta kingine cha huko huko kusini mashariki mwa Marekani, haikubali. Ni ufuo wa miaka kama milioni 3 iliyopita, ulipaswa kuwa usawa mmoja mwanzo mwisho, lakini leo kimo chake kinapishana kwa makumi ya mita, yaani ardhi yenyewe imejikunja toka chini. Hata Chesapeake inadidimia mpaka leo, uzito wa barafu ya kale ya kaskazini uliibinua ardhi yake juu na sasa ardhi hiyo inarudi chini. Kwa hiyo kinachofuata ni leya (tabaka) ya pili ya ramani, ya ardhi kupanda na kushuka, na hiyo itabidi niiandikie skripti, programu fupi, kwa lugha ya kompyuta ya Python.