Gunia Kilo 50, Mimi Kilo 54: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 10:30 alfajiri simu inalia, naamka kula. Kazi inaanza saa 1:00 na ningeweza kulala zaidi, lakini tumbo langu halipokei chakula upesi. Bakuli moja la uji hunichukua karibu nusu saa.

Mimi ni kuli. Nashusha magunia kwenye malori na kuyapanga ghalani. Nina urefu wa sentimita 174 na kilo 54, wakati mtu wa kimo changu anatakiwa asiwe chini ya kilo 56. Wanaoniona husema sili, au naumwa, au "heri yako, wenzio tunahangaika kupungua." Nimepimwa kifua kikuu, sukari, minyoo na homoni za tezi ya shingo, vyote salama. Tatizo ni hesabu. Mwili wa uzito wangu, hata ukilala kutwa nzima, hutumia takriban kalori 1,500. Kazi nzito huzidisha hizo mara mbili na ushee. Nahitaji kama 3,300 kila siku ili nisipungue tu, kunenepa bado.

Uji naupika kwa maziwa, natia vijiko viwili vya siagi ya karanga na kijiko kikubwa cha mafuta. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4, ndiyo maana naongeza mafuta na bakuli linabaki lilelile. Kijiko hicho kimoja ni kalori 120, na tumbo halishtuki. Mayai mawili ya kuchemsha pembeni. Vijiko vitano vya mwisho ndivyo vigumu: koo linafunga, natulia, napumua, naendelea. Nimepata 750.

Saa 1:00 hadi 4:00 tunashusha lori la kwanza, magunia 300, watu wanne. Mapumziko mafupi, karanga na glasi ya maziwa: 320.

Niseme kidogo kuhusu kazi, maana wengi hudhani ni nguvu tupu. Gunia halivutwi kwa mgongo. Unakunja magoti, unaliacha likukalie juu ya bega karibu na shingo, kisha unainuka nalo kwa mapaja. Ghalani, safu moja inalazwa kwa urefu na inayofuata kwa upana, zishikane. Rundo langu halijawahi kuporomoka tangu nianze, na hilo najivunia. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mmoja asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia letu ni 50, na mimi nalizidi kwa kilo 4.

Saa 6:45 lori la pili likaingia, robo saa kabla ya chakula. Hapo ndipo siku iliponiharibikia.

Karatasi zilisema magunia 280. Tukashusha yote, karani akahesabu 274. Dereva akaapa mzigo umetimia. Msimamizi akasema hakuna anayekwenda kula mpaka hesabu ikae sawa, tuhesabu upya. Kuhesabu upya maana yake ni kubomoa rundo na kulipanga tena, bega kwa bega, gunia kwa gunia. Kopo langu la wali na maharage lilikuwa kwenye mfuko ukutani, naliona kila nikipita. Saa 7:00 tumbo lilinguruma, njaa nzuri kabisa, ile ninayoiomba siku nzima. Nikamwambia msimamizi, "Mzee, tupe hata dakika kumi." Akasema tumalize kwanza. Dereva naye, kwenye kiti chake na mguu juu ya dirisha, akaniambia, "Dogo, wewe kale kwanza ndiyo uje ubebe." Sikumjibu. Iliniuma, kwa sababu kula ndiko nilikokuwa nikikuomba.

Hesabu ya pili: 274. Ya tatu: 274. Mwishowe mwenzetu mmoja akapanda mbele kabisa ya bodi, akafunua turubai lililokunjwa, na magunia 6 yalikuwa yamelala pale chini, yamebanwa pembeni. Saa ilikuwa 9:20.

Njaa ilishaondoka. Hili asiyefanya kazi ya suluba juani halielewi: joto na uchovu huua hamu ya kula, na wakati huohuo jasho linakulazimisha kunywa maji, na maji yanalijaza tumbo kabla ya chakula. Siku za kawaida naacha maji nusu saa kabla ya kula. Leo ningeanguka. Nikafungua kopo, wali umeshikana, harufu ikanirudi kooni. Mkono ulitetemeka mpaka kijiko kikagonga ukingo. Mzee tunayefanya naye kazi akakaa karibu, akasema, "Mwanangu, usilitazame kopo. Nitazame mimi, tupige soga." Akanisimulia habari za wajukuu zake, nami nikawa natafuna. Nikafika nusu. Kama 450.

Lori la tatu lilikuja, sikumbuki saa ngapi. Nakumbuka mbao za kupandia zilivyoyumba, na ngozi ya bega ilivyowaka chini ya shati.

Nyumbani, hatari kubwa ni kitanda. Nikijilaza kabla ya kula, nimepoteza kalori 800 za chakula cha usiku, kwa hiyo naoga na kula nikiwa nimekaa kwenye kiti kigumu. Nikala. Kilichobaki kwenye kopo nilikuwa nimekila njiani, kijiko kijiko, nusu yake. Nikamalizia kwa maziwa yenye siagi ya karanga, kwa sababu cha kunywa hupita tumboni upesi kuliko cha kutafuna.

Jumla kama 2,900. Zimepungua 400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700; siku 19 kama hii na kilo moja imekwenda, na miezi minne nimeihangaikia.

Nimeweka kopo la karanga kando ya mto. Nikiamka usiku kwenda haja nitakula kiganja kimoja gizani, na kingine kama koo litakubali.