Vidole Vitano, Kisha Mkono wa Pili

Sote tulimwita Afande, hata mpishi. Mzee wa mji wa Bombo, Mnubi, yaani wa kizazi cha askari waliotoka Sudan, aliyeanzia KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Kiganda alikielewa pale tu alipotaka. Mimi nimekulia kambi ya jeshi, Jinja, kwenye Kiswahili, nikawa ndiye mtu wake wa Kiswahili katika nyumba yetu ya wazee, hapa pembezoni mwa Kampala. Kazi yangu ni zamu ya usiku.

Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia mifupani. Muuguzi wa hospisi, shirika la kuwahudumia wagonjwa wasiopona, akaja na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, imetiwa kwenye chupa ya plastiki iliyowahi kuuziwa maji ya kunywa. Ilikuwa ya kijani, ndiyo hafifu. Ya waridi ni kali zaidi, na ya buluu inazishinda zote. Mgonjwa halipi kitu, serikali inagharamia. Akaelekeza: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili mzee alale mpaka kuche. Pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, au mbegu za papai zilizosagwa. (Mpishi alizisaga kwa fahari ambayo maharage yetu hayajawahi kuiona.)

Ila waliofundishwa walikuwa wa zamu ya mchana. Saa kumi na moja jioni msimamizi alifunga kabati, akaondoka na ufunguo. Aliogopa dawa isiibwe, mzee asiizoee, asije akafia mikononi mwetu tukaitiwa polisi. Dozi mbili za mwisho zikabaki kabatini.

Hospisi hutumia vidole kupima maumivu: ngumi ni hakuna, vitano ni hayavumiliki. Mchana Afande alionyesha viwili. Usiku wa tatu nikamwuliza, akanyoosha vitano, kisha akaongeza mkono wa pili.

"Binti, hesabu yenu inaishia mapema."

Asubuhi nikaandika daftarini: "Mzee hakulala, alisumbua." Neno hilo nimeliandika miaka mingi. Jajja (bibi) mmoja asiyekumbuka hata jina lake alikuwa akipiga kelele kila akigeuzwa, nasi tukasema uzee huo. Kumbe ni nyonga iliyokuwa ikimuuma.

Uganda tunasifiwa kwa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, na ni haki yetu. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 tukawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hii kumwandikia mgonjwa mofini. Lakini naona mpango mzima ulimfikiria mgonjwa aliye kwake, binti kaketi mkekani, chupa iko chini ya kitanda. Kwetu wazee ni ishirini na kitu, usiku tuko wawili, na dawa ilifuata saa za ofisi.

Nilimpigia muuguzi. Safari iliyofuata hakuja asubuhi, alikuja saa kumi jioni, akatukuta zamu zote mbili pamoja na msimamizi. Hakuhutubia. Alimimina dawa, akaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamkabidhi kila mmoja ajaribu, hata mlinzi. Msimamizi akauliza swali lake la polisi. Akajibiwa kwamba mofini ikipimwa vizuri na kuongezwa kidogo kidogo haimmalizi mtu. Kinachommaliza Afande ni saratani. Tukanunua kisanduku chenye kufuli, tukafungua daftari la sahihi mbili kwa kila dozi, na ufunguo ukawa wa aliye zamu.

Afande aliishi wiki tano baada ya hapo. Ukurasa mmoja unasema: "Saa nne usiku, mililita kumi. Kidole kimoja. Anakoroma."

Sasa ni saa tatu na nusu. Ufunguo ninao shingoni, na Jajja wa nyonga ana dozi yake saa nne.