Sawa dada

Tangu Jumanne maneno haya mawili yananizunguka kichwani kama mbu aliyenasa ndani ya neti.

Jumatatu usiku nilihamishia ule mfumo wa saccos, uliojengwa kwa Django (zana ya kutengeneza tovuti kwa lugha ya programu ya Python), kwenye seva mpya ya Debian 13 (aina ya Linux), nikalala usingizi mtamu. Asubuhi hakuna kinachofunguka. Kosa lenyewe mstari mmoja: hakuna moduli (kipande cha msimbo kinachokuja na Python) inayoitwa cgi. Bosi kasimama nyuma ya kiti changu, simu za wanachama haziishi, na yule kijana wa field akauliza kwa upole kabisa, "Dada, Django yetu ni toleo la ngapi?"

Nikamjibu bila hata kugeuka: "Mdogo wangu, mimi naandika Python tangu wewe uko darasa la nne."

"Sawa dada."

Angenuna ningepata pa kushika. Hakununa. Akarudi kwenye karanga zake.

Na swali lake ndilo lilikuwa jibu! Django yetu ni 3.2, ya 2021, na Python ya juu kabisa inayoiweza ni 3.10. Debian 13 inakuja na Python 3.13, ambayo imefukuza moduli 19 za kizee, cgi ikiwemo. Django 3.2 bado inaiita cgi pale inaposoma ombi la mtumiaji, sasa itaitikiwa na nani? Wa zamani humu mtakumbuka nilivyowahi kujigamba kwamba mfumo ukifanya kazi usiguswe. Haya.

Jioni ile nikaipa 3.2 Python yake ya 3.10 pembeni, simu zikanyamaza. Jumatano kaka akatua kutoka Muscat, binti wa shangazi akavishwa pete, Alhamisi nikarudi kazini na macho mekundu, nikamwita kijana akae karibu. Tukapanda Django 4.2 kwanza, tukaendesha majaribio, ndipo 5.2. Tulikwama kwenye saa: pytz, maktaba ya Python ya kushughulikia majira ya saa, haikubaliki tena tangu Django 5.0, na mimi nilikuwa nimeitapakaza kila faili. Aliyeiona ni yeye. Majaribio yalipopita yote nikacheka hadi bosi akachungulia mlangoni.

Nikajikaza. "Siku ile nilikujibu vibaya."

"Siku ipi dada?"

Mpaka leo sijui kama kasahau kweli au kanistahi.

Mama kapiga simu, anasema kikohozi kimeisha. Mwezi wa tatu pia alisema hivyo hivyo.